Dari Iliyopimwa kwa Magodoro

Kati ya Arua na Koboko hakuna mwanamke anayejua mambo ya mapenzi kunishinda mimi. Waulizeni waume wangu watatu. Ila mjiandae kwa safari, maana mmoja alikimbilia Kongo, wa pili akakimbilia Sudani, na wa tatu hakukimbia kwa sababu tu magoti yalikuwa yanamuuma. Basi tuseme nayajua mapenzi ya watu wengine. Na ya Zam na Afedra nayajua mpaka misumari.

Zam, binti wa Koboko, kazi yake ilikuwa kuchora nyumba ndogo. Sikusema vibanda. Nyumba. Tangu Arua iitwe jiji, kodi za vyumba zilipanda bila kuangalia chini, na watu wa kawaida, muuza nyanya, mwalimu, mwenye boda yake moja, walilala wamebanana kama dagaa. Zam akasema kila mtu anaweza kupata nyumba yake, hata ikiwa ndogo. Kuta zitoke kwenye udongo wa hapo hapo kiwanjani, uchanganywe na simenti kidogo, ushindiliwe kwa mashine ya mkono mpaka uwe tofali gumu, uanikwe kivulini bila kuchomwa, na hakuna mti utakaokatwa kulisha tanuru. Paa litokeze mbele kama ukingo wa kofia ili mvua isilambe ukuta, na maji yake yaingie tangini. Kitanda mchana kinakunjwa ukutani. Penye kitanda panabaki benchi, na juu ya benchi dari ndogo ya miti ya mikaratusi, nusu ya chumba tu, ya kuwekea magodoro na masanduku.

Dari hiyo Zam aliipima kwa magodoro. Mwanamume hakumpima.

Nyumba ya kwanza ya namna hiyo ilisimama Pajulu, nje kidogo ya Arua, kwenye kiwanja cha Tahiru Afedra, fundi aliyeshindilia matofali yake yote. Watu waliipita wakisema ni nyumba ya mfano. Wao wawili walijua ni nyumba yao, Mungu akipenda, na Hajati akipenda. Mungu hakuwa na maneno mengi. Hajati alikuwa nayo.

Hajati Hadijah, mama yake Zam, ni mjane wa Kinubi wa Koboko, na kwake nyumba ni tofali la kuchoma, baraza pana la kukalisha wageni, na mlango wa nyuma. Afedra ni Mlugbara, lakini babu yake alisilimu zamani pale sokoni Arua, kwa hiyo dini haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa udongo. Tena Hajati alishaapa kwenye simu: "Huyo mwanamume, nisimkute ndani na wewe kabla wazee wake hawajaja Koboko kukaa kwenye mkeka wangu. Nikimkuta, neno limekufa, na mimi ndiye nitalizika." Zam alimjibu, "Yeye iko Omugo, mama. Anajengea wakimbizi."

Kweli alikuwa Omugo. Alikuwa. Lakini mchana wa kisa hiki alikuwa Pajulu, ndani ya nyumba, anapaka chokaa, na Zam anapaka akianzia mwisho wa pili wa ukuta uleule, na kila walipokaribiana brashi zao zilipunguza mwendo.

"Una chokaa kwenye kope," Zam akasema.

"Toa basi."

"Mkono wangu mchafu."

"Zam, wewe hujawahi kuona mwanamume mwenye chokaa? Toa. Nitafumba macho, nisikusumbue."

Akafumba. Zam akanyanyua kidole, akakisimamisha karibu na lile jicho, na hakukigusisha.

"Naogopa, Afedra."

"Unaogopa jicho?"

"Naogopa mama. Usiku nikilala namwona amesimama pale barazani kwake, anafunga mlango. Hanipigi wala hanitukani. Anafunga tu."

Afedra akafumbua macho. Alikuwa na macho ya kutulia, yale ambayo mwanamke akiyaangalia sana anasahau alichokuja kusema. "Ukuta huu niliushindilia kwa mikono hii," akasema. "Kila tofali nilikuwa nasema, hili la Zam. Mama yako akija siku moja akauona..."

Nje pikipiki ikakohoa, ikazimika.

"Hodi! Wenyewe iko?"

Sauti ile Zam angeijua hata kaburini.

Sasa, mtu mwenye akili angebaki amesimama na brashi yake, akasema shikamoo mama, mimi ni fundi, nafanya kazi. Lakini hofu haina akili. Madirisha yalikuwa na nondo. Mlango ulikuwa mmoja, na Hajati alikuwa anaukaribia. Zam akaonyesha kidole juu kabla hajajua anaonyesha nini, na Afedra akakanyaga benchi, akashika boriti, akajivuta darini, akalala chali kati ya magodoro mawili.

Alipolala ndipo alipojua amefanya nini. Kwao mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukwepana. Wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani. Lakini kumkalia mama mkwe juu ya kichwa? Jambo hilo hata jina halina, maana hakuna aliyewahi kulifanya likapewa jina.

"Asalaam alaykum!"

"Wa alaykum salaam, mama! Karibu! Kwa nini hukupiga simu, ningekuja kukupokea mjini?"

"Ukipiga simu, watu wanafagia." Hajati aliingia na kanga zake na harufu yake ya udi, akamkumbatia binti yake, halafu akamshika mabega na kumtazama. "Mbona unatetemeka?"

"Baridi, mama. Mvua inakuja."

"Wewe iko peke yako?"

"Peke yangu."

"Na fundi wako?"

"Iko Omugo."

Uongo huo ulitoka laini kama mafuta, na Zam akaogopa ulivyotoka laini. Hajati alikuwa ameshaanza kuzunguka. Alifungua kitanda ukutani, akakifunga. Alisukuma dirisha la chini, akatazama matundu ya hewa ya juu, akasema "mm." Aligonga sakafu kwa kisigino. Mwisho akasimama katikati, akageuka huku na huku kama mtu aliyepoteza mbuzi.

"Mlango wa nyuma iko wapi?"

"Haiko, mama. Nilipunguza, ili nyumba iwe rahisi."

"Ulipunguza mlango! Wanaume wakikaa hapa mbele wanaongea, mwanamke anapitia wapi? Dirishani, kama paka? Msomi mzima unasahau kwamba mtu anaweza kutaka kutoka bila kuonekana?"

Hakuna mtu mkoa mzima wa West Nile ambaye saa hiyo alitamani mlango wa nyuma kumshinda yeye.

"Na hii juu inabeba nini?" Hajati akaelekeza kidole darini.

"Magodoro tu." Halafu, kwa kuwa alitaka nyumba yake isifiwe, akaongeza chumvi, "Lakini hata magunia matano ya mahindi inabeba."

"Magunia matano!" Hajati akafurahi kidogo, mara ya kwanza. Akaketi kwenye benchi, chini kabisa ya dari, akapanga kanga zake. "Basi nipe chai."

Zam akamimina chai kutoka kwenye chupa. Huko juu boriti ya kati ililia kidogo, kiiii, kama mtoto anayeota. Yeye aliyeichora alijua sauti hiyo ina maana gani. Mkaratusi ule ulikuwa mwembamba. Aliuchagua mwembamba kwa makusudi, kwa sababu godoro halina mifupa.

"Sikuja kutembea," Hajati akasema. "Nimekuja kukuambia kwa mdomo, si kwa simu. Watu wa Nasuru walikuja."

"Nasuru yupi?"

"Nasuru wa duka la mabati. Ana nyumba ya tofali la kuchoma, vyumba vinne, baraza, na mlango wa nyuma. Nimewapa neno. Ijumaa wanaleta mahari."

"Mama, hukuniuliza."

"Nikuulize nini? Kama unapenda udongo?"

Boriti ikalia tena, kwa nguvu zaidi, maana mtu aliyelala juu yake alikuwa amesikia. Vumbi jekundu likachuruzika taratibu, likaangukia kanga ya Hajati, na kidogo likaingia kwenye chai.

Hajati akatazama kikombe, halafu akatazama ukuta. Rangi ya uso wake ikabadilika.

"Inamwagika," akasema kwa sauti ndogo. "Zam. Nyumba inamwagika."

"Hapana, mama! Ukuta ni mzima, ni... ni vumbi la ujenzi tu."

"Usinidanganye mimi. Najua udongo mbichi unavyoanza. Unaanza hivi hivi, kidogo kidogo, kama unga."

Na hapo mvua ikafika. Wenye kuijua mvua ya huku wanajua haitembei, inarukia. Mabati yakapigwa na mawe ya barafu, nje pakawa giza mchana, radi ikapasuka upande wa mjini, na Hajati, mwanamke aliyewahi kumfukuza mwizi barabarani kwa mwiko, akamshika binti yake mkono mpaka kucha zikazama.

"Nilikuwa mdogo," akasema. Zam ilibidi ainame ili asikie. "Nyumba yetu ilikuwa ya udongo. Mvua kama hii. Mimi na dada yangu Jamilah tulilala mkeka mmoja, yeye upande wa ukuta. Usiku nikasikia kama mtu anamwaga mchanga. Nikasema Jamilah, sikia. Akasema lala, ni panya." Akaunyoshea kidole ukuta. "Ukuta ulimlalia yeye. Mimi nilitolewa mzima, hata unywele haukupotea. Hujawahi kuniuliza kwa nini nataka tofali la kuchoma. Unadhani ni majivuno."

Zam alikuwa hajawahi kuambiwa. Miaka yote alidhani ni majivuno. Akapiga magoti mbele ya mama yake, akitaka kumwambia habari ya msingi wa mawe, ya paa lililotokeza, ya matofali yaliyolowekwa kwenye pipa na kutoka mazima. Maneno yote yalikuwa kweli na yote hayakufaa kitu, kwa sababu vumbi lilikuwa bado linachuruzika, na lilikuwa linachuruzika mbele ya macho ya mtu aliyekwisha kuliona likiua.

Akinyamaza, mama ataondoka hapa akiamini nyumba inaanguka, na Afedra atakuwa amepotea pamoja nayo. Akisema kilichoko juu, Afedra amepotea vilevile. Zam aliyafikiri hayo huku amekodolea macho lile tundu la ukutani ambamo ncha ya boriti ilikuwa imekaa. Imekaa? Ilikuwa inatoka. Ilisogea kama ulimi wa nyoka, ikatulia, ikasogea tena.

"Mama, hama hapo."

"Nihame niende wapi? Nje kuna radi."

"Njoo huku mlangoni. Tafadhali."

"Kwa nini? Ulisema inabeba magunia matano!"

Boriti ikateleza. Zam aliruka juu ya benchi, akaikinga kwa viganja viwili, na uzito ukamshukia mikononi mpaka viwiko vikapinda. Hapo hesabu zote za mapenzi zilimtoka kichwani. Alibaki na mama yake mmoja, aliyekaa chini ya mti unaoteleza.

"Mama, toka! Nyumba haianguki! Iko mtu juu!"

Hajati hakutoka. Alisimama polepole. "Mtu gani?"

"Afedra."

Mawe ya barafu yaliendelea kupiga mabati. Hajati alimtazama binti yake, akaitazama dari, akamtazama binti yake tena. Halafu mwanamke yule akavua viatu, akapanda benchi, akaweka viganja vyake kando ya viganja vya Zam, akasukuma.

"Wewe mutu wa juu!" akaita. "Shuka kabla hatujakufa wote watatu."

Sauti ikatoka darini, nzito kwa aibu: "Mama, siwezi kushuka mbele yako. Ni mwiko."

"Na kuniangukia si mwiko?"

"Samahani sana, mama."

"Samahani haina mikono! Shuka! Mimi nafunika uso."

Na kweli alifanya hivyo. Mkono mmoja ukabaki kwenye boriti, wa pili ukavuta kanga mpaka kidevuni, na Afedra akateremka upande wa mbali, godoro likimfuata mgongoni, akaanguka sakafuni kwa kishindo, akakimbilia pembe ya mbali kabisa. Katika nyumba ile pembe ya mbali kabisa iko hatua chache tu. Akasimama hapo ameelekea ukutani, kama mtoto aliyeadhibiwa.

Boriti ilipungua uzito, wakaisukuma irudi tunduni mwake. Zam akaketi kwenye benchi, akalia. Alikuwa hajui kama analia kwa hofu iliyokwisha au kwa hofu iliyobaki. Afedra alimsikia. Mabega yake yalicheza, mkono wake ukatoka kidogo upande wa Zam, ukarudi mfukoni kwa heshima. Zam aliuona ule mkono. Mimi nawaambia, kuna wanawake wameolewa miaka thelathini hawajawahi kuonyeshwa mapenzi kama ya mkono ule uliorudi mfukoni.

Hajati naye aligeukia ukuta wa upande wake, kanga bado usoni. Basi wakawa hivyo: mama ameelekea huku, mkwe ameelekea kule, na Zam katikati analia. Mvua ilipoanza kuchoka, Hajati alitoa kidole, chenye pete ya fedha, akaanza kuukwaruza ukuta uliokuwa mbele ya pua yake. Alikwaruza kwa nguvu, kama anayetafuta ugomvi. Akanusa kidole, akakwaruza tena chini zaidi, pale ambapo maji hupenda kula nyumba. Chokaa ilitoka kidogo. Tofali halikutoa hata chembe.

"Kumbe kilichokuwa kinamwagika ni wewe," akauambia ukuta.

"Ndiyo, mama," Afedra akaujibu ukuta wake.

"Ukuta huu ni wa mkono wako?"

"Ni mchoro wa Zam, na mkono wangu."

"Mm." Pete ikapita mara nyingine. "Mvua za namna hii ngapi zimeshapiga hapa?"

"Msimu wote uliopita, mama. Nalala hapa kila ikinyesha, niisikilize nyumba. Sikutaka Zam aingie kabla yangu."

Zam akajifuta machozi, yakaendelea kutoka.

"Mama," akasema, "mimi nimekosa. Nilisema yeye iko Omugo, naye alikuwa juu ya kichwa chako. Nifungie mlango kama unataka. Lakini kwa Nasuru siendi. Hata ukinipeleka kwa kamba, nitarudi kwa miguu. Nyumba yangu ni hii."

"Na neno langu je? Nimewapa watu neno. Ijumaa wanakuja na sahani zao za zawadi. Unataka niwe mwongo Koboko nzima?"

Katika pembe yake Afedra alikohoa, kikohozi cha mtu anayetafuta adabu na haipati.

"Mama, nisamehe niulize. Ni Nasuru wa mabati, yule mwenye jino la dhahabu?"

"Huyo huyo."

"Anayekaa nyuma ya msikiti?"

"Huyo! Unamjua?"

"Tulikutana Jumamosi, nilikwenda kuchukua misumari. Hakutaka hata kuniuzia." Afedra alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayekanyaga ubao asiouamini. "Alisema watu wake walifika kwako, na ukawarudisha na sahani zao, hata chai hawakumaliza. Alisema uliwaambia binti yako ameshapata mtu wake, fundi wa udongo wa Pajulu, na asiyetaka ameze wembe. Mimi nikadhani ananicheka."

Zam akaacha kulia. Akainua kichwa, akatazama mgongo wa mama yake. Mgongo ule ulikuwa umenyooka kama nguzo, na haukugeuka.

"Mama?"

Hajati akarekebisha kanga, ambayo ilikuwa imekaa vizuri tu.

"Atakuwa ni Nasuru mwingine," akasema.

"Mwenye duka la mabati?"

"Wapo wengi."

"Mwenye jino la dhahabu, mama? Nyuma ya msikiti? Ulikuwa unanipima tu?"

Hajati Hadijah wa Koboko alitazama mlango, na mlango ulikuwa mmoja, na binti yake alikuwa ameshasimama mlangoni. Akatazama madirisha, yakamwonyesha nondo. Mwisho akainua macho darini, akaitazama kwa makini sana, kama mtu anayepima kama itambeba na yeye.